Ukija Bagamoyo, Anzia Kaole

Nimeishi na kufundisha Bagamoyo kwa miaka 11 sasa, na katika muda huo nimewapokea wageni wengi: ndugu kutoka Morogoro, watu niliosoma nao, na mara kadhaa watu nisiowafahamu waliopewa namba yangu na rafiki. Karibu wote hufika wakitaka kuuona mji wa Wajerumani na watumwa, na hutaka kuumaliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri ili wawahi kurudi Dar es Salaam. Nawaelewa, kwa sababu nami nilikuja hivyo hivyo mara ya kwanza. Nilishuka stendi, nikafuatwa na kijana aliyejiita mwongozaji, akanizungusha juani kwa saa mbili akininyooshea kidole kila nyumba ya mawe na kusema kuwa ilikuwa ghala la watumwa, na mwishoni akanitajia malipo ambayo hatukuwa tumepatana.

Nilipohamia hapa mwaka uliofuata, jirani yangu, mzee aliyekwisha kustaafu uvuvi, aliniuliza nilionyeshwa nini siku ile. Nikamtajia boma, makaburi na mnara wa misheni. Akauliza kama nilifika Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale, nikamjibu kuwa sikufika. "Basi, mwanangu," akasema, "wewe ulihudhuria hitima ya mtu usiyemjua jina." Tangu hapo kila mgeni wangu humpeleka Kaole kwanza, na ndiyo nasaha yangu kubwa kwa yeyote anayepanga safari ya kuja huku.

Kaole iko takriban kilomita tano kusini mwa mji, na bodaboda au bajaji itakufikisha kwa muda mfupi. Utakuta magofu ya misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi zaidi ya 20 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi ya makaburi hayo yana nguzo ndefu, na ukizitazama kwa makini utaona vishimo vilivyochongwa ili kupachika bakuli za kaure zilizoletwa kutoka China. Mwombe mwongozaji akuonyeshe vishimo hivyo kabla hajakuambia lolote jingine. Mtu akishatambua kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakinunua vyombo vya China na kuwajengea wafu wao makaburi ya namna hiyo karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Kijerumani kutia nanga hapa, hawezi tena kuutazama mji huu kama jambo lililoanza na mgeni. Kisha tembea hadi ufukweni uitazame mikoko, kwa maana mikoko na tope ndivyo vilivyoiziba bandari ya Kaole, na shughuli zikahamia kaskazini mahali ulipo mji wa sasa. Lipo pia kaburi la sharifa ambalo watu wanalizuru kwa dua hadi leo. Ukimkuta mtu pale, simama mbali na uiweke simu mfukoni.

Ukirudi mjini baada ya hapo, kila kitu kitakaa mahali pake. Ngome Kongwe, iliyoanza takriban mwaka 1860 kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu kabla ya kutumiwa na askari na baadaye kuwa gereza wakati wa Waingereza, haihitaji zaidi ya nusu saa. Boma la Wajerumani nalo litazame ukijua kwamba lilikamilika mwaka 1897, miaka sita baada ya makao makuu ya koloni kuhamishiwa Dar es Salaam. Tangu waingie mwaka 1888 hadi walipoondolewa na Waingereza mwaka 1916, Wajerumani walikaa hapa miaka 28.

Miaka hiyo 28 si midogo kwa walioumizwa, na ndiyo maana naomba usiyapite haraka maeneo mawili yaliyo karibu na bahari. La kwanza ni makaburi ya Wajerumani, ambamo wamezikwa askari waliokufa katika vita vilivyozuka mwaka 1888, watu wa pwani walipokataa bendera ya kampuni ya Kijerumani. Ni mahali palipozungushiwa ukuta na kufagiliwa vizuri. La pili ni pale walipokuwa wakinyongewa Waafrika waliopinga utawala huo, na alama yake ni mnara mdogo tu wenye maandishi machache. Nimesimama hapo mara nyingi na bado moyo hunisononeka, kwa sababu askari wa kigeni wana majina yao juu ya mawe, ilhali walionyongwa kwa ajili ya nchi yao hawakuandikiwa hata jina moja. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vile, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Ukiwa na watoto, wasimulie habari zake mkiwa hapo hapo.

Mtaani usitazame milango ya nakshi peke yake. Uliza jengo la shule lililotolewa na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeupa utawala wa Kijerumani jengo la ghorofa kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo pamoja. Kuweka sharti la namna hiyo katika miaka ya 1890 kulihitaji ujasiri, na nasikitika kwamba wageni wengi hulipita jengo hilo bila kusimama.

Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ina makumbusho mazuri kuliko yote mjini, hivyo itengee asubuhi nzima. Huko utasimuliwa jinsi mwili wa David Livingstone ulivyolazwa kanisani usiku mmoja wa Februari 1874. Mimi huwaomba wageni wangu wayakariri majina ya Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili huo kwa miguu kwa miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Maelfu ya wapagazi waliopita hapa wakitokea Ujiji na Tabora na pembe za ndovu mabegani walikuwa watu wa kazi hiyo hiyo, na hata jina la mji, yaani "bwaga moyo", kwa maoni yangu, ni lao. Wapo wanaosema kwamba ni mtumwa aliyekuwa akiubwaga moyo wake kabla ya kuvushwa baharini. Mimi nasikia zaidi sauti ya mpagazi anayetua mzigo baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ingawa simzuii mtu kusikia uchungu katika jina hilo hilo.

Kuhusu mwongozaji, mtafute ofisini unapolipia kiingilio, patana naye malipo kabla hamjaanza, na udai risiti. Mavazi yawe ya heshima, hasa Kaole na mitaa ya ndani. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Na miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, njoo na mwavuli na viatu visivyoogopa tope. Ukimkuta mtu mzima barazani, mpe shikamoo na usubiri marahaba kabla ya kuuliza njia. Picha ya mtu iombwe, na akikataa usibembeleze.

Zaidi ya hayo, lala hapa usiku mmoja. Kutoka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, ni safari ya kilomita zipatazo 70 tu, na wepesi huo ndio unaowafanya watu waondoke mapema. Anayelala hupata pweza na mihogo ya jioni, na alfajiri huwahi soko la samaki wakati mashua na ngalawa zinapoingia na mnadi akipaza sauti juu ya fungu la changu. Jirani yangu bado hufika pale kila asubuhi, ingawa hana tena chombo baharini, na mgeni akimsalimu vizuri humwuliza kwanza kama amekwisha kufika Kaole.