Kaseti na santuri za zamani: tafuta kasoro ilikoanzia kabla ya kusafisha sauti

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye kaseti zako mwimbaji anasikika kwa mbali kabla hajaanza kuimba, kwa nini vipindi ulivyorekodi kutoka televisheni ya analojia vinanguruma, na ni programu gani itakayoondoa yote hayo. Nimehamisha kanda na santuri kwenye kompyuta kwa miaka mingi, na nakusihi programu isubiri kwanza. Kasoro huingia siku ya kurekodi, au kanda ikiwa kabatini, au inazalishwa sasa hivi na mashine unayochezea. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotibika kabisa, na ndiyo wengi hawaiangalii.

Mwangwi unaotangulia ni kazi ya kabati. Kanda ikikaa imeviringwa muda mrefu, sumaku ya tabaka moja huambukiza tabaka la jirani. Ndiyo sababu watunzaji wa kanda za rekoda kubwa huzihifadhi zikiwa zimechezwa hadi mwisho, bila kuzirudisha mwanzo: mwangwi wenye nguvu zaidi unaangukia nyuma ya sauti, ambako haukeri. Peleka kanda mbele na nyuma mara kadhaa kabla ya kuicheza, utapungua kidogo. Kwenye santuri mwangwi huo una chanzo kingine, maana ni mfereji wenye sauti kubwa uliosukuma ukuta wa mwenzake wakati wa kukatwa. Sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inautoa sekunde 1.8 kabla. Huo uache.

Sasa kaseti yenye sauti butu. Tafadhali usikimbilie kuongeza sauti za juu kwenye programu, utaongeza mchakacho tu. Kaseti hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la 10,000 Hz (mitetemo 10,000 kwa sekunde) linakaa kwenye urefu usiofika sehemu 5 za elfu ya milimita. Hedi, yaani kichwa cha sumaku kinachosoma kanda, ikiinama kidogo tu tofauti na ile iliyorekodi, sauti hizo zinajifuta zenyewe. Chukua bisibisi ndogo, weka usikilizaji kwenye mono (kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja), kisha zungusha skrubu iliyo ubavuni mwa hedi taratibu sana. Utafika mahali ambapo herufi "s" na matoazi yanafunguka ghafla kama dirisha. Hapo ndipo pake, kwa kanda hiyo; kanda nyingine itataka pake. Hakuna programu inayokurudishia kilichopotea hapa.

Mngurumo wa televisheni usikilize ukitazama picha. Ukija pamoja na maandishi meupe na kuondoka nayo, umetoka kwenye matangazo yenyewe: televisheni ya analojia huipata sauti kwa kutumia mawimbi mawili, la picha na la sauti, na katika mifumo mingi weupe mkali hulishusha la picha karibu na sifuri, na hapo sauti hunguruma. Ukiwa mfululizo bila kujali picha, shuku umeme. Simamisha kanda, acha nyaya zilivyo. Ukiendelea kusikika, tatizo ni nyaya au ardhi ya umeme kwako. Ukinyamaza, umo kwenye kanda.

Na ukiwa kwenye kanda, usiufute kabla ya kuupima! Mvumo wa umeme ni 50 Hz katika nchi nyingi, 60 Hz Marekani. Ukisoma 52 mahali pa 50, mashine mojawapo ilikosea mwendo na sauti iko juu kwa asilimia 4, kwa hiyo unajua urekebishe kwa kiasi gani.

Redio ya mawimbi ya kati iliyorekodiwa usiku, inayozama na kukwaruza, haiponi. Mawimbi yaliyopita ardhini yalikutana na yaliyorudi kutoka angani yakapingana, na wimbi mbebaji (lile linalobeba sauti hewani) lilipofifia maneno yakavurugika hapohapo.

Kwa hiyo sawazisha hedi, kagua nyaya, kisha nasa nakala ya biti 24 bila kichujio chochote. Usafishaji ufanyie nakala ya pili.