Je, uamuzi wa Muruatetu unamfaa aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kaka yako, aliyehukumiwa kifo kwa kosa la wizi wa mabavu, anaweza kuomba adhabu yake ipitiwe upya kwa kutegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu. Uamuzi huo wa Desemba 2017 haukufuta adhabu ya kifo. Kilichobatilishwa ni ulazima wa adhabu hiyo chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu mauaji, kwa sababu jaji aliyezuiwa kupima hali ya mshtakiwa na kusikiliza ombi lake la kupunguziwa adhabu hawezi kusemwa kuwa amemtendea haki. Wengi, na matumaini yao nayaelewa kabisa, waliamini kwamba kila aliyehukumiwa kifo angefaidika, hadi Julai 2021 mahakama hiyohiyo ilipofafanua kwamba uamuzi unahusu kosa la mauaji pekee. Kwa kuwa kifungu cha 163(7) cha Katiba kinazilazimu mahakama nyingine zote kufuata maamuzi ya Mahakama ya Juu, msitegemee Muruatetu peke yake. Mwombeni wakili apinge kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, kinacholazimisha adhabu ya kifo kwa wizi wa mabavu, kwa hoja za kikatiba, akianzia Mahakama Kuu, kama Mahakama ya Juu ilivyoelekeza.