Mshahara usomwe kuanzia chini

Mwanangu Rehema,

Swali lako la Jumapili limeninyima usingizi: ushike kazi ya Kijitonyama, kutengeneza programu ya stoo za maduka ya dawa kwa shilingi 2,000,000 kwa mwezi, au mkataba wa watu wa San Francisco wanaokuahidi dola 1,200 ukiwa chumbani kwako? Halafu ukasema kwa sauti ya chini kwamba wenzako wanaongelea Google tu.

Nimeandaa mishahara ya watu miaka 22, niache nipige hesabu. Kwenye hizo 2,000,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 200,000. Kodi inakatwa kwenye 1,800,000 iliyobaki, nayo ni 368,000. Bodi ya Mikopo, kwa mkopo wako wa chuo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 300,000. Unabaki na 1,132,000, bima bado. Najua inauma. Ila mwajiri naye anakuwekea 200,000 yake NSSF, na sheria inakupa likizo ya siku 28 yenye malipo, na 84 ukijifungua.

Kwenye dola hayo yote ni juu yako, kodi pamoja na akiba. Kikao chao cha saa 4 asubuhi, kwako ni saa 2 au saa 3 usiku.

Lakini usimwamini mwajiri kwa kuwa yupo Dar. Nikiwa karani kijana, bosi mmoja alinikata michango miezi 14 asiipeleke. Nilijua siku niliyokwenda NSSF kudai mafao, nina mimba yako. Nililia pale pale dirishani. Kwa hiyo, popote utakapokwenda, kila baada ya miezi mitatu uangalie taarifa yako ya michango.

Hayo ya Google yasikutie unyonge, mama. Dawa ikipita muda wake rafuni na programu yako ikanyamaza, mgonjwa wa Mbagala ataimeza. Hiyo ni kazi nzito, na mimi ningeona fahari.

Mimi ningechagua Kijitonyama, kwa masharti mawili: awepo mtu mzoefu wa kukaa na wewe kupitia ulichoandika, na nyongeza baada ya miezi sita iandikwe kwenye mkataba. Waombe 2,500,000, usione haya. Wakikataa yote mawili, chukua dola, ila NSSF ujichangie mwenyewe.

Usisaini chochote kabla ya Jumamosi. Njoo Tabata na mikataba yote, tuisome na baba yako.

Mama yako