Muulize Dalali: Aliyeuza kwa bei ya kutupa ana dai?

SWALI: Shikamoo Mzee Dalali. Mwaka jana mama mkwe wangu alimuuzia mtu wa pikapu mlango wa kuchonga wa nyumba ya babu yao, shilingi 300,000. Jamaa alidai anatafuta mbao tu. Juzi nimeuona mtandaoni ukiuzwa Ulaya kwa bei ya kiwanja. Nimeutambua kwa ufa ulio kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Nasikia Ufaransa kuna wazee waliouza kinyago cha Gabon hivyo hivyo wakaenda kortini. Walishinda? Nasi tudai? — Mkwe, Bagamoyo

JIBU: Marahaba. Hawakushinda, na sababu yake inakuhusu.

Wazee wale, mtu na mkewe waliopita miaka 80, walikuwa wakiondoa vikorokoro kwenye nyumba yao kusini mwa Ufaransa mwaka 2021. Humo kulikuwa na kinyago cha Wafang, kabila la Gabon, cha chama chao cha siri kiitwacho Ngil: uso mrefu uliopakwa udongo mweupe. Babu wa mume, afisa wa kikoloni, alikitoa Gabon mnamo 1917. Mnunuzi wa vitu vikuukuu akakichukua kwa yuro 150. Machi 2022, kwenye mnada wa Montpellier, nyundo ikagonga kwenye yuro milioni 4.2. Wazee wakaja kusoma habari hizo gazetini.

Mnunuzi alikuwa tayari kuwapa yuro 300,000 yaishe, wasielewane. Mimi ningezipokea kabla hajamaliza kusema. Desemba 2023 mahakama ya Alès ikawaambia wazee kuwa hawakujishughulisha kujua thamani ya mali yao, na kwamba mnunuzi naye hakuwa mtaalamu wa sanaa ya Afrika. Kumbe kinyago kingine cha Ngil kilishauzwa Paris mwaka 2006 kwa karibu yuro milioni 6. Aliyetaka kuuliza, jibu lilikuwepo.

Linganisha na kesi nyingine ya huko huko. Mwaka 1968 familia moja iliuza mchoro mnadani kwa faranga 2,200. Wao walikuwa wamemwendea mtaalamu kwanza, akawaambia si kazi ya bwana mkubwa yeyote. Muda si muda jumba la makumbusho la Louvre, Paris, likautundika kama kazi ya Nicolas Poussin, mchoraji mkubwa wa Kifaransa wa zamani. Kesi ikapanda na kushuka hadi 1987, ndipo mauzo yakatenguliwa na mchoro ukarudi kwao. Hawa waliuliza, wakapotoshwa. Wale wa kinyago hawakuuliza kabisa.

Gabon nayo iliingia kwenye kesi ikitaka kinyago kirudishwe, ikakataliwa. Siku ya mnada Wagabon walisimama ukumbini wakapaza sauti, na mauzo yakaendelea. Miaka mingi nimesema “mara ya kwanza, mara ya pili” juu ya mali za watu waliozidiwa na madeni, lakini hili linanikera kuliko zile yuro 150. Wazee na mnunuzi waligombea jasho la nani? Chama cha Ngil kilikuwa kikisaka wachawi na kuadhibu wakosaji. Kingekuwepo mahakamani, sijui kingeanza na nani.

Sasa mlango wenu. Mimi si wakili, muoneni mmoja. Ila chini ya sheria yetu ya mikataba, kukosea bei peke yake hakuvunji mauziano. Kudanganywa ndiko kunakoweza kuyavunja. Kwa hiyo kiini cha dai lenu ni yale maneno ya “mbao tu”: nani aliyasikia? Kuna ujumbe kwenye simu? Kuna risiti? Kama jamaa anaishi kwa kuuza milango ya kale, alijua alichokibeba, na hapo mna la kusema.

Jambo la pili msilikurupukie. Milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na haitolewi nchini bila kibali. Mkienda idara ya serikali ya Mambo ya Kale na picha za mlango, mnaweza kumbana aliyeusafirisha. Lakini mtaulizwa pia nani aliuuza, na jibu ni mama mkwe wako. Mwambie hilo kwanza, kabla hujafungua mdomo ofisini kwao.