Majivu ya Pumba Kwenye Saruji: Kwa Wanaoanza Kazi ya Maabara

Wengi mnaoingia maabara ya kiwanda cha saruji huja na imani kwamba taka zote ni kitu kimoja, na kwamba ukizipata bure umeokoa fedha. Kwanza ulizeni taka hiyo inaingilia wapi. Matairi chakavu na maganda ya kahawa huingia tanurini kuchukua nafasi ya makaa ya mawe, ilhali slagi (masalio ya kuyeyusha chuma) ya viwanda vya chuma na majivu ya pumba za mpunga, yaani maganda yanayobaki ukikobolewa, husagwa kinuni pamoja na klinka (vinundu vigumu vinavyotoka tanurini) na jasi. Njia hii ya pili ina faida kubwa zaidi, kwa kuwa takribani asilimia 60 ya hewa ukaa ya klinka haitokani na moto bali hutoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe yanapovunjwa na joto. Ukibadili kinachochomwa tu, sehemu hiyo umeiacha palepale.

Pumba ndizo zinazowadanganya wageni. Kilo 1,000 za mpunga hutoa kama kilo 200 za pumba, nazo zikiungua huacha kama kilo 40 za majivu, ambayo sehemu yake kubwa sana ni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Silika hiyo huungana na chokaa inayozaliwa saruji inapokutana na maji, na gundi inayotokea huongeza nguvu ya zege. Lakini zikiungua kwa muda mrefu kupita nyuzi 700 hivi, silika hujipanga kuwa fuwele isiyoungana vizuri na chokaa, na hapo mnakuwa mmenunua mchanga wa bei ghali.

Mwaka wangu wa pili kazini niliidhinisha shehena moja kwa kuwa karatasi ya uchambuzi ilionyesha silika tele. Majivu yalikuwa na rangi ya waridi hafifu, nami nikayaona ni safi kuliko yale meusi tuliyoyazoea. Vipande vya mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji) vya siku 7 vilipotoka dhaifu nilijipa moyo kwamba pozolana, yaani vitu kama majivu haya vinavyoungana na chokaa, huchelewa kukomaa, jambo ambalo ni kweli. Siku ya 28 vikavunjika kwenye mashine kabla ya kufikia kiwango. Kumbe uchambuzi ule husema silika ni kiasi gani, hausemi iko katika hali gani, na ile rangi ya waridi ilikuwa dalili ya moto uliozidi.

Yale meusi nayo yana kasoro yake: weusi ni kaboni isiyoungua, ambayo hunywa maji ya zege na kumfanya fundi aongeze mengine. Chomeni sampuli kwa nyuzi 950, kisha mpime uzito uliopotea ili kukadiria kaboni hiyo.

Kila shehena iwekewe kopo la sampuli lililofungwa vizuri, lenye tarehe na jina la mashine ya kukobolea ilikotoka, na kopo hilo lisiondoke kabatini kabla majibu ya siku 28 hayajasainiwa.