Kikundi cha mbali au cha jirani?

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema pombe imekushinda na unataka kujiunga na kikundi cha waraibu wanaosaidiana kuacha, ila unaniuliza kama si afadhali utafute kilicho mji mwingine, ambako hakuna anayekujua.

Kabla ya kikundi, daktari. Hapo hatubishani. Umeniandikia kwamba unazimua kila asubuhi na mikono inatetemeka ukichelewa. Mwili uliozoea hivyo ukinyimwa pombe ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo. Siku ya 3 au ya 4 wengine huweweseka na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Usijifungie chumbani ukasema utavumilia. Daktari ana dawa za kukuvusha siku hizo, na baadaye zipo za kupunguza hamu, kama naltreksoni. Ukiwa hapohapo muulize, au muulize muuguzi, vikundi vya karibu vinakutana wapi. Mara nyingi wao ndio wanaojua.

Sasa swali lako. Miaka 11 iliyopita nilifanya hichohicho unachotaka kufanya. Nilichagua kikao kilicho mwendo wa saa mbili kwa basi. Wiki ya kwanza nikaenda. Ya pili ikanyesha mvua. Ya tatu nilichoka. Ya nne nilikuwa baa, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Na sikumbuki hata siku moja niliyokosa kwenda baa kwa sababu ya mvua.

Unaogopa kumkuta mtu unayemfahamu. Utamkuta. Mimi nilipohamia kikundi cha jirani, siku ya kwanza nilimkuta mtu ambaye hata wewe unamfahamu vizuri, na jina lake nitakwenda nalo kaburini. Naye hajawahi kulitaja langu. Ndivyo siri ya pale inavyolindwa: kila mmoja ameshika ya mwenzake. Halafu majirani, mwanangu, walinitoa mtaroni mara mbili. Siri gani nilikuwa nailinda?

Alcoholics Anonymous (AA), ushirika wa vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, nayo ilianza hivyo, mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikuwa safarini, biashara ikamwendea kombo na hamu ikampanda. Akaanza kupiga simu makanisani akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, mmoja wa palepale mjini. Akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Hamu ilikuwa imempata pale, na mtu wa kumsaidia alimhitaji pale.

Ukishapata anwani, piga simu kwanza. Ratiba hubadilika na orodha hazirekebishwi. Niliwahi kuvuta ujasiri siku nzima, nikafika nikakuta kufuli. Uliza kama kikao ni cha wazi, ambacho hata ndugu anaweza kuingia, au ni cha waraibu pekee. Ada hakuna, kwenye AA hupitishwa kopo, mwenye nacho anatia, asiye nacho analipitisha. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha. Hulazimishwi kusema. Mimi nilikaa vikao vitatu kimya kama mtungi.

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Hudhuria mara tano au sita, kwa sababu kuna siku msemaji anachosha na kuna siku mtu anakusimulia maisha yako kana kwamba alikuwa chini ya kitanda chako. Kama maneno ya Mungu na Nguvu Kuu yanayotumika AA yanakukwaza, kuna vikundi vya SMART Recovery, vilivyoanza 1994, ambavyo hufanya kazi kwa mazoezi ya kuzibadili fikra zinazokurudisha kwenye chupa. Lakini wakikuahidi utapona kwa siku saba, au wakikuambia utupe dawa za daktari, chukua kofia yako uondoke.

Vya mtandaoni ni vizuri pasipo na kingine, au usiku wa manane hamu inapokuamsha. Mimi sivitegemei peke yake. Nimewahi kuzima kamera nikamimina glasi huku wenzangu wanashuhudia walivyoacha. Ukumbini mwenye kukaa kando yako angeisikia harufu.

Mkeo naye amechoka, usijidanganye kwamba hajachoka. Kuna Al-Anon, ya jamaa za walevi, iliyoanzishwa 1951. Lois, mke wa Bill Wilson, alikuwa mmoja wa waanzilishi. Mama yako alikwenda huko mwaka mzima kabla mimi sijaenda popote. Mwambie mkeo aongee naye, wao wawili, bila sisi.

Ukishamwona daktari, nitajie siku ya kikao cha karibu nawe. Nitakuja tufuatane. Usiseme nikusubiri nje: hata kama ni cha waraibu pekee, kiti changu kipo.

Baba yako