Mwamuzi Husema Alichokiona: Ushauri kwa Anayekwenda Kucheza Tenisi ya Vyuo Marekani

Tangu Angella Okutoyi, mchezaji tenisi wa Kenya, ajiunge na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, mwaka 2023, wazazi kadhaa wenye watoto wanaocheza tenisi wamenitafuta kuniuliza kuhusu ufadhili, masomo na baridi ya huko. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za mistari, yaani nani huamua kama mpira umeingia au umetoka, ilhali hilo ndilo lililonitoa jasho zaidi katika mwaka wangu wa kwanza nikicheza tenisi ya vyuo huko.

Nilifika nikiamini kwamba chuo chenye kocha wa mshahara na sare za bure hakiwezi kukosa mwamuzi wa kila korti. Nilichokikuta ni korti sita zilizopangana, michezo sita ya mmoja kwa mmoja ikiendelea kwa wakati mmoja, na waamuzi wawili wakizunguka baina yake. Kila mchezaji hutamka mwenyewe mipira inayoangukia upande wake, kwa sauti na kwa ishara ya mkono. Katika timu kubwa utamkuta mwamuzi kwenye kiti kirefu, lakini hata hapo mara nyingi wachezaji ndio hutamka kwanza, naye hukaa kama mahakama ya rufani.

Nakumbuka gemu moja ambayo mpaka leo naweza kuichora. Ilikuwa 40-40, na kwa kuwa huko hawasubiri mmoja atangulie kwa pointi mbili, pointi hiyo moja ndiyo ingeamua gemu. Mpinzani wangu alipiga servisi (mpira wa kuanzisha pointi) ya pili, ndefu, katikati, nami nikainua kidole na kusema imetoka. Mwamuzi, aliyekuwa amesimama kando ya korti sawasawa na mstari wa servisi, akasema papo hapo kwamba mpira ulikuwa ndani. Tamko langu lilifutwa na pointi ikawa ya mpinzani, bila kurudiwa, kwa sababu anayefutiwa tamko la kutoka huipoteza pointi. Nilibishana naye kwa dakika nzima juu ya mpira ulipodunda, na sikupata kitu ila onyo.

Sikuwa nimedanganya, niliuona mpira nje kwa macho yangu. Miaka baadaye, nilipojifunza uamuzi, nilisimama pale aliposimama yule mwamuzi nikaelewa. Mpokeaji huutazama mstari wa servisi kwa kuukatiza, mwili ukiwa mbioni na jicho likikimbizana na mpira, lakini anayeutazama mstari kwa urefu wake huona wazi kama kuna nafasi kati ya mpira na rangi nyeupe. Kwa hiyo mpinzani akikulalamikia, kabla ya kukasirika jiulize ulikuwa umesimama wapi.

Jambo linalowachoma wengi ni kinyume chake: unaibiwa mpira uliogusa mstari, unamgeukia mwamuzi, naye anasema hakuuona. Hapo tamko la mpinzani linabaki, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa mwamuzi haruhusiwi kulifuta kwa kukisia au kwa kusikia kelele za watazamaji. Lazima awe ameuona mpira waziwazi na atamke mara moja. Basi usimngoje mpaka pointi kubwa. Ukitilia shaka mipira miwili, mwite kwa adabu na umwombe asimame kwenye korti yako. Nimeona wachezaji ambao macho yao yalipona ghafla mwamuzi alipojongea karibu na wavu.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. “Mwamuzi, umeuona mpira huo?” ni swali analoweza kulijibu, “Umeona kabisa ulikuwa ndani!” ni ugomvi. Mwamuzi mkuu naye usimwitie mahali mpira ulipodunda, maana hilo halimhusu. Mwite pale unapoamini kwamba kanuni yenyewe imetumiwa vibaya, kwa mfano pointi ikirudiwa mahali ambapo ilipaswa kupotea.

Kwa upande wako wa korti, shaka yoyote ni mali ya mpinzani. Ukiwa huna hakika, mpira ni mzuri, na huwezi kuomba pointi irudiwe eti hukuona. Mkicheza wawili, nawe ukasema umetoka na mwenzako akasema umeingia, umeingia. Ukitambua baada ya kutamka kwamba umekosea, sema, hata kama pointi itakwenda. Usimsikilize mwenzako wa timu atakayekushauri umwibie aliyekuibia, kwani kufutiwa matamko kukizidi kunaleta adhabu, kwanza pointi, kisha gemu, na mwisho unaondolewa kwenye mchezo. Baadhi ya vyuo vina kamera za PlaySight zinazomwezesha mchezaji kupinga tamko, lakini kwenye korti nyingi nilizochezea mimi kamera pekee ilikuwa simu ya mzazi, na mwamuzi haitazami hiyo.

Siku moja nikiwa mimi ndiye mwamuzi, kijana mmoja alipoteza pointi ya kuamua gemu kwa mpira uliodunda nyuma kabisa, wakati mimi nikitazama korti ya jirani. Aliniuliza kama nimeuona. Nikamwambia hapana. Alivuta pumzi, akarekebisha nyuzi za raketi yake kwa vidole, kisha akaniomba nibaki. Nilibaki gemu tatu.